Sayansi Inayojibiwa: Sanaa na Maarifa Kibera na Kawangware

Mawasiliano ya kisayansi ni shughuli ya kuyatoa maarifa katika maabara, chuo au hospitali na kuyafikisha kwa watu ambao hawakushiriki kuyatafuta, ingawa maisha yao yanaguswa nayo kila siku. Shughuli hiyo huitwa jumuishi pale ambapo hakuna anayeachwa nje kwa sababu ya kipato, lugha, jinsia, kiwango cha elimu ya darasani au mtaa anaoishi. Makala haya yanachunguza namna sanaa, iwe ni ususi, uchoraji, maigizo, katuni au ramani, inavyoweza kuupanua ujumuishi huo katika mitaa miwili ya Nairobi, Kibera na Kawangware. Hoja inayotetewa ni moja: anayeitumia sanaa kama asali ya kupaka kwenye kidonge kichungu huwa ameitumia nusu tu, kwa kuwa kazi yake kubwa zaidi ni kumpa mwananchi nafasi ya kumjibu mtaalamu.

Kibera, ambayo jina lake linatokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu, ilianza mwanzoni mwa karne ya 20 kama makazi ya askari Wanubi waliolitumikia jeshi la kikoloni la Uingereza, King's African Rifles, na leo ina vijiji kama Makina, Lindi, Laini Saba, Silanga, Gatwekera, Kianda na Soweto. Kawangware iko magharibi mwa jiji, upande wa Dagoretti, na abiria wengi huijua kwa nambari ya matatu zake, yaani 46. Katika mitaa yote miwili Kiswahili na Sheng, lugha mseto ya vijana wa mjini, husikika pamoja na Kiluo, Kiluhya, Kikuyu na Kikamba, na mtu mmoja anaweza kuzipitia lugha tatu kati ya mlango wa nyumba yake na kituo cha gari.

Si kweli kwamba sayansi haijafika huko. Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, kwa ushirikiano na Vituo vya Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa vya Marekani, CDC, ilianzisha ufuatiliaji wa magonjwa katika vijiji vya Gatwekera na Soweto katikati ya muongo wa 2000, kwa kuzitembelea kaya na kuwapima wagonjwa. Kutokana na kazi hiyo ilibainika kwamba kati ya mwaka 2007 na 2009, homa ya matumbo, ambayo wengi huiita taifodi, ilikuwa ikiwapata watu 247 katika kila watu 100,000 waliofuatiliwa kwa mwaka mmoja Kibera, ilhali katika eneo la mashambani la Lwak, magharibi mwa Kenya, idadi ilikuwa 29 tu. Ushahidi wa namna hiyo ulisaidia kuonyesha umuhimu wa chanjo ya ugonjwa huo, ambayo Kenya iliianzisha kwa kampeni ya kitaifa mwezi wa Julai 2025 kwa watoto wa kuanzia miezi 9 hadi miaka 14. Hata hivyo, tarakimu za aina hii, ambazo chanzo chake ni damu iliyotolewa Gatwekera, huchapishwa kwanza kwa Kiingereza katika majarida ya kitaalamu, na aliyetoa damu huwa miongoni mwa watu wa mwisho kuzisikia.

Vizuizi vinavyomtenga mkazi wa mitaa hii na maarifa yanayomhusu vinaweza kupangwa katika mafungu matatu. Kizuizi cha kwanza ni lugha, na cha pili ni wakati na mahali, kwa sababu mama mboga anayekwenda soko la Marikiti alfajiri kuchukua bidhaa, au kibarua anayetembea kwa miguu hadi eneo la viwanda, Industrial Area, kutafuta kazi, hawezi kuhudhuria mkutano ulioitishwa saa nne asubuhi katika ukumbi wa hoteli. Kizuizi cha tatu, ambacho hutajwa mara chache, ni mwelekeo: sampuli hupanda kwenda maabara na nasaha hushuka kwenda mtaani, lakini maswali ya mtaani hayana njia ya kupandia. Tafsiri nzuri huweza kuondoa kizuizi cha kwanza, na redio kama Pamoja FM, inayotangaza kutoka Kibera kwenyewe tangu mwaka 2007, huweza kupunguza cha pili, kwa kuwa mtu husikiliza huku akifua au akikaanga chapati. Kizuizi cha tatu ndicho kinachoihitaji sanaa zaidi.

Afrika Mashariki ina urithi mrefu katika jambo hili. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, ambapo takriban watu wazima milioni 2 walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza, wakajadili kipindi kilichotangazwa, kisha wakaamua wenyewe la kufanya, kama kuchimba vyoo au kufyeka majani yanayoficha mbu. Nchini Kenya, mchezo wa redio Ushikwapo Shikamana ulizungumzia uzazi wa mpango katika miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 vikundi vya vikaragosi vilizunguka mitaani vikieleza habari za UKIMWI, kwa kuwa kikaragosi huweza kutamka mbele ya mama mkwe maneno ambayo mtu hangethubutu kuyatamka. Tangu mwaka 2010 jarida la katuni la Shujaaz, lililoandikwa kwa Sheng, limewaeleza vijana mambo kama namna ya kuwapaka vifaranga rangi kali ili mwewe asiwatambue kuwa ni chakula. Kinachoziunganisha kazi hizi ni kwamba zilitumia umbo ambalo hadhira ilikuwa tayari inalijua na kulipenda, badala ya kuilazimisha hadhira ijifunze umbo la mhadhara kabla ya kufika kwenye maarifa.

Mfano unaostahili kutazamwa kwa karibu ulitoka Kibera kwenyewe, na haukubuniwa na ofisi yoyote. Mwezi wa Mei 2020, yapata miezi miwili baada ya mgonjwa wa kwanza wa Korona kutangazwa nchini Kenya tarehe 13 Machi, vyombo vya habari viliripoti kwamba wasusi wa Kibera walikuwa wameufufua mtindo wa zamani wa nywele na kuupa jina la ugonjwa huo. Msusi hugawa nywele za mtoto katika mafungu madogo yenye njia zilizonyooka, kisha hulisuka na kulikaza fungu mojamoja mpaka likasimama lenyewe, na anapomaliza, kichwa kizima huwa kimezungukwa na miiba iliyochomoza kila upande. Umbo hilo ndilo linaloonekana katika picha za hadubini za kirusi cha Korona, ambacho kimepewa jina kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya taji, kwa sababu ya vichomozi vya protini vinavyokizunguka na kukiwezesha kung'ang'ania seli za mwili. Kirusi chenyewe kina upana wa takriban nanomita 100, yaani sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, na hakuna jicho la binadamu linaloweza kukiona. Juu ya kichwa cha mtoto wa miaka sita kiliweza kuonwa na kila aliyesimama kwenye foleni ya maji.

Bei ya mtindo huo ilikuwa shilingi 50, ilhali mitindo mingine iligharimu shilingi 300 hadi 500, na wazazi wengi waliuchagua kwa sababu kazi zilikuwa zimekatika na nywele bandia zilikuwa hazinunuliki. Kwa hiyo somo la virolojia lilisambaa kwa nguvu zilezile zinazosambaza kitu chochote mtaani, yaani urahisi wa bei, uzuri wa kazi na jina linalochekesha. Ilielezwa pia kwamba msusi mmoja alilenga watu wazima waliokuwa wakidai ugonjwa haupo, na ni vigumu kuendelea kukana jambo ambalo binti yako amelibeba utosini.

Pamoja na ufanisi huo, msuko huo ulieleza nusu tu ya jambo. Uliionyesha miiba, lakini haukuweza kuuonyesha utando wa mafuta unaokifunika kirusi, ambao ndio sababu ya sabuni kufaa kuliko maji matupu, kwa kuwa sabuni huuvunja utando huo kama inavyovunja mafuta kwenye sufuria. Ukamilifu ungepatikana iwapo mtaalamu angekaa kwenye benchi la saluni akaieleza nusu iliyobaki, na hapo ndipo angekutana na jibu ambalo halimo katika vipeperushi: anayenunua maji kwa mtungi wa lita 20 hahitaji kuelezwa mara ya pili kwamba anawe mikono, bali anataka kujua ni maji kiasi gani yanayotosha, kama maji yaliyooshea vyombo yanafaa, na ni nani atakayepunguza bei ya mtungi. Maswali mawili ya kwanza ni ya kisayansi na la tatu ni la kisiasa, lakini mtaani huulizwa kwa pumzi moja.

Mfano wa pili unahusu ramani, chombo ambacho kwa kawaida huhesabiwa kuwa cha kisayansi ilhali ni sanaa ya mstari na rangi pia. Mwaka 2009 sensa ya taifa iliwahesabu watu 170,070 Kibera, wakati ambapo magazeti na mashirika yalikuwa yamezoea kutaja milioni nzima, na mwaka huohuo vijana 13 wa vijiji mbalimbali, katika mradi uliopewa jina la Map Kibera, walitembea vichochoroni na vifaa vya GPS, yaani vya kutambua mahali kwa setilaiti, wakachora ramani huria ya mtaa ambao katika ramani nyingi ulikuwa doa tupu. Katika mikutano iliyofuata, ramani ilichapishwa kwa ukubwa, karatasi angavu ya kunakilia ikatandazwa juu yake, na wakazi wakapewa kalamu za rangi ili waonyeshe, kwa mfano, mahali ambapo msichana haoni usalama kupita. Chini ya karatasi ile kulikuwa na vipimo vya setilaiti na juu yake ujuzi wa anayepita hapo usiku, na hakuna tabaka lililoweza kulifuta lingine. Huu ni mfano halisi wa sanaa kama njia ya kujibu, kwa maana mkazi hakuombwa kuisifu ramani, aliombwa kuisahihisha.

Kawangware inatoa mfano wa jambo ambalo bado linasubiri sanaa inayolifaa. Sumukuvu, ambayo wataalamu huiita aflatoksini, ni sumu inayotengenezwa na aina fulani za kuvu zinazoota kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri, na mwaka 2004 iliwapata watu 317 nchini Kenya, hasa katika maeneo ya Ukambani, 125 kati yao wakafariki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watoto wadogo wa Dagoretti na Korogocho, ulikuta kwamba karibu sampuli zote za vyakula vilivyopimwa zilikuwa na kiasi fulani cha sumu hiyo, na kwamba mabaki yake ndani ya maziwa yalihusiana na upungufu wa kimo cha watoto. Ugumu wa kulieleza jambo hili unatokana na asili yake: kuvu huonekana lakini sumu haionekani, haina harufu, na moto wa jikoni hauiondoi, hivyo githeri, yaani mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, iliyochemka kwa saa nne inaweza kuwa laini kabisa na bado ikawa na sumu nyingi.

Kwa suala la namna hii, igizo la jukwaa shirikishi lina uwezo mkubwa. Mtindo huo, uliokuzwa na Mbrazili Augusto Boal katika miaka ya 1970, huonyesha mhusika aliyekwama, kisha mwendeshaji husimamisha mchezo na kumwalika mtazamaji aingie jukwaani achukue nafasi ya mhusika na kujaribu njia nyingine. Ichukuliwe kwamba mhusika ni mama mwenye kibanda cha githeri kando ya kituo cha 46, aliyenunua gorogoro kumi, yaani makopo kumi ya kupimia, za mahindi kwa bei ya chini, na anapoyamwaga kwenye ungo anaona punje za kijani na nyingine zilizonyauka. Mtaalamu ndani ya mchezo anamwambia ayatupe, na hapo mchezo unasimama. Mtazamaji wa kwanza anaweza kuingia na kuchambua punje mbovu, njia ambayo kweli hupunguza sumu, na wa pili anaweza kupendekeza mahindi yakobolewe, jambo ambalo pia hupunguza sehemu yake. Wa tatu, akikumbuka kwamba mtaji wa kesho umo ndani ya ungo ule, anaweza kusema mahindi yauzwe kwa mfuga ng'ombe, na hapo ndipo mtaalamu atakapolazimika kueleza kwamba ng'ombe aliyelishwa nafaka hiyo huitoa sumu katika maziwa, na kwamba maziwa hayo huuzwa papo hapo Dagoretti na kurudi kwenye kikombe cha mtoto wa mwenye kibanda. Maelezo hayo yangekuwa aya kavu ndani ya mhadhara, lakini hapa yanakuja kama jibu la hila ambayo hadhira yenyewe imeibuni, na kwa sababu hiyo hayasahauliki upesi.

Wazo kwamba hadhira inaweza kumsahihisha msanii si geni nchini Kenya. Katika kijiji cha Kamiriithu, Limuru, mwaka 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walifanya mazoezi ya mchezo wao wa Kikuyu hadharani, na wanakijiji waliokuja kutazama waliwarekebisha waigizaji katika lugha, nyimbo na namna ya kutenda kazi, hata mchezo ukawa mali yao. Serikali iliusimamisha mwaka huohuo, na ukumbi wenyewe ukabomolewa mwaka 1982, ishara kwamba watawala walielewa vyema nguvu iliyopo pale watu wanapopata mahali pa kujibia. Mawasiliano ya kisayansi hayana haja ya kufika kwenye makabiliano kama hayo, lakini yanaweza kujifunza utaratibu: mazoezi yawe wazi, na rasimu ibadilike kabla ya siku ya onyesho.

Faida ya utaratibu huo huonekana hata katika neno moja. Wataalamu wanapozungumzia uchafuzi wa hewa humaanisha hasa chembe ndogo zenye upana usiozidi maikromita 2.5, takriban sehemu moja ya thelathini ya unene wa unywele, zinazotoka kwenye jiko la makaa, taka zinazochomwa na mabomba ya magari, na ambazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Katika Kiswahili cha kila siku, hata hivyo, aliyechafua hewa ni mtu aliyejamba, na hewa chafu ni hewa inayonuka. Msikilizaji anayeambiwa ajihadhari na hewa chafu atauogopa mtaro na kuliamini jiko lisilotoa moshi mzito, ingawa chembe hatari huweza kuwapo bila harufu yoyote. Mwaka 2018, katika mtaa mwingine wa Nairobi, Mukuru, watafiti, wasanii na wakazi walishirikiana kutumia maigizo, muziki, michoro na michezo kulichunguza suala la hewa, na kilele chake kikawa tamasha lililozunguka mtaani. Thamani ya kazi ya aina hii ni kwamba kicheko cha hadhira humfundisha mtafiti kuwa neno lake limekwenda pasipotarajiwa, jambo ambalo dodoso haliwezi kumwonyesha.

Kuna hatari ambazo hazifai kufichwa. Sanaa inayovutia inaweza kueneza kosa kwa kasi ileile inayoeneza ukweli, na picha inayotisha inaweza kuwafanya watu wamkwepe mgonjwa badala ya kuukwepa ugonjwa. Mara nyingine msanii wa mtaani huitwa siku mbili kabla ya hafla, hupewa fulana na nauli, na kazi yake hupigwa picha kwa ajili ya ripoti ya mfadhili, ilhali mtaalamu aliyeongea dakika kumi hulipwa posho kamili. Ujumuishi hauwezi kujengwa juu ya kazi isiyolipwa. Kipimo pia ni lazima. Mchezo wa redio wa Tanzania, Twende na Wakati, ulioanza mwaka 1993, ulirushwa kote nchini isipokuwa eneo la Dodoma, ambalo kwa miaka miwili lilitangaziwa vipindi vingine, ili wachunguzi waweze kulinganisha walioisikia hadithi na wasioisikia katika matumizi ya uzazi wa mpango. Sanaa inayodai kuibeba sayansi haiwezi kukataa kupimwa kwa mizani ya sayansi.

Kipimo hicho, hata hivyo, hakipaswi kuhesabu tu ni watu wangapi walioupokea ujumbe, kwa kuwa hesabu hiyo inaurudisha mwelekeo uleule wa kutoka juu kwenda chini. Inafaa kuhesabiwa pia ni mambo mangapi katika ujumbe yaliyobadilishwa na wakazi kabla haujatolewa, na ni maswali mangapi ya mtaani yaliyoingia katika utafiti uliofuata. Swali la bei ya mtungi wa maji, ambalo lingeweza kuulizwa kwenye benchi la saluni Kibera, na swali la nani atakayemfidia mama wa githeri akiyatupa mahindi yake, linaloweza kuzaliwa kando ya kituo cha 46 Kawangware, yote mawili yana uzito wa kutosha kuwa mada ya utafiti. Siku maswali hayo yatakapoandikwa katika ukurasa wa kwanza wa pendekezo la watafiti, yakiwa na majina ya walioyauliza kama washirika katika kazi, ndipo itakapoweza kusemwa kwamba sanaa imefanya kazi yake.